Pikipiki Haiongezwi Nguvu kwa Kubadili Meno

Katika vijiji vya milimani, kama vile vya Usambara, Upare na Uluguru, pikipiki imekuwa mnyama wa mizigo. Hubeba kabichi na viazi kuvishusha barabarani, hubeba saruji kuipandisha panapojengwa shule, na usiku hubeba wagonjwa. Njia zenyewe ni nyembamba, zimechimbwa na mvua, zimejaa mawe na mizizi, na aghalabu haziruhusu mwendo uzidio ule wa mtu anayetembea upesi. Lakini pikipiki nyingi zipitazo humo zilitengenezwa ili ziweze pia kwenda kasi katika barabara pana. Gia yake ya kwanza huwa ndefu mno kwa njia ya mawe, na mpandaji hulazimika kuchagua kati ya mawili: kwenda kasi kuliko usalama wake, au kuishika klachi nusu njia kutoka bondeni hadi kileleni.

Kwa sababu hiyo umeenea ufundi wa kubadili magurudumu mawili ya meno yanayounganishwa na cheni, ambayo mafundi huyaita sproketi. Mwenye pikipiki akilalamika kwamba chombo chake kinashindwa na mlima, fundi humjibu: “Lete nikufungie sproketi kubwa nyuma, kaka, itaongezeka nguvu.”

Fundi huyo amesema nusu ya kweli. Ushauri wake ni mwema, lakini sababu aliyoitoa si sahihi, na maoni yangu ni kwamba nusu iliyokosekana ndiyo inayowagharimu vijana wetu klachi, cheni, na pengine hata viungo vya miili yao. Kubadili meno hakuongezi nguvu ya pikipiki hata chembe. Ni biashara ya kubadilishana: mtu hutoa mwendo, akapokea kani. Ajuaye kwamba anafanya biashara huuliza bei kabla ya kulipa. Adhaniye kwamba amepewa zawadi haulizi kitu, akaja kuijua bei akiwa peke yake kwenye kilima. Somo hili linafaa kufundishwa darasani kabla halijafundishwa na mlima, na vifaa vyake vipo tayari nje ya kila shule.

Meno huhesabiwa, hayakisiwi

Mzunguko wa injini haufiki moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Hupunguzwa mara tatu njiani. Kwanza hupunguzwa kati ya mhimili wa injini na klachi. Pili, katika sanduku la gia. Na tatu, kati ya sproketi ndogo ya mbele na sproketi kubwa ya nyuma. Upunguzo wa kwanza na wa pili umefungiwa ndani ya chuma, na mtu wa kawaida hawezi kuugusa. Wa tatu uko nje, unaonekana kwa macho, na hubadilishwa kwa spana chache. Ndiyo maana mafundi wa njia mbaya, popote walipo duniani, huanza na huo.

Tuchukue mfano mmoja ambao namba zake zinajulikana. Honda CRF250L ni pikipiki ya barabarani na ya njia mbaya kwa pamoja, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Upunguzo wake wa kwanza ni 2.807. Gia yake ya kwanza ni 3.333 na ya pili ni 2.118. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na meno 14 mbele na meno 40 nyuma. Tukigawanya 40 kwa 14 tunapata 2.857. Tukizidisha 2.807 kwa 3.333 kwa 2.857 tunapata takriban 26.73. Maana yake ni kwamba, katika gia ya kwanza, injini huzunguka karibu mara 27 ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja tu.

Tairi la nyuma la pikipiki hiyo lina mzingo wa meta 2.04 hivi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya kwanza, gurudumu huzunguka mara 112, nayo pikipiki huenda kilometa 13.7 kwa saa. Mtu atembeaye kwa kawaida huenda kilometa 5 hivi kwa saa. Kwa hiyo gia iliyo fupi kuliko zote katika pikipiki hii, kwa mzunguko huo wa wastani, inaenda karibu mara tatu ya mwendo wa miguu. Barabarani hilo si neno. Kwenye korongo lenye mawe yanayobiringika, ni mwendo wa kuvunja mguu.

Sasa tuifungue sproketi ya mbele yenye meno 14 na kuweka ya meno 13, na ya nyuma yenye meno 40 tuweke ya meno 44. Uwiano wa meno huwa 3.385, na upunguzo wote wa gia ya kwanza huwa 31.67. Kwa mizunguko ile ile 3,000, pikipiki itakwenda kilometa 11.6 kwa saa. Mwendo umepungua kwa asilimia 16 hivi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaliangalii. Badiliko hili halikuigusa gia ya kwanza peke yake. Gia zote zimeshuka kwa kiasi kile kile, kama ngazi nzima iliyoshushwa kidogo shimoni huku nafasi kati ya kipago na kipago ikibaki vile vile. Gia ya pili, ambayo mwanzo ilikwenda kilometa 21.6 kwa saa kwa mizunguko 3,000, sasa huenda kilometa 18.2. Wazoefu wa njia mbaya watakubali kwamba hii ndiyo faida wanayoithamini zaidi. Mahali ambapo gia ya kwanza ilikuwa inashtua na ya pili inazima, sasa ipo gia ya pili inayopita pole pole na kwa utulivu.

Mwanafunzi mwangalifu atauliza: mbona baiskeli hufanya kinyume? Katika baiskeli sproketi kubwa iko mbele, kwenye kanyagio, na ndogo iko nyuma. Jibu ni kwamba miguu ya binadamu ina kani nyingi lakini huzunguka taratibu, hivyo baiskeli huinunua kasi kwa kani. Injini ya pikipiki huzunguka maelfu ya mara kwa dakika kwa kani ndogo, hivyo pikipiki huinunua kani kwa kasi. Sheria ni moja. Wafanyabiashara ndio waliobadilishana upande wa meza.

Kani imeongezeka, nguvu imebaki pale pale

Tatizo la fundi wetu lilianzia katika neno. Katika mazungumzo ya kila siku neno “nguvu” hubeba maana nyingi: nguvu za mwili, nguvu za kusukuma, nguvu za serikali. Katika fizikia hatuna budi kuzitenganisha. Kani ni msukumo au mvuto wenyewe, nao hupimwa kwa niutoni. Kazi ni kani ikizidishwa kwa umbali uliosogezwa. Nguvu ni kiasi cha kazi kinachofanywa katika kila sekunde, nayo hupimwa kwa wati. Mtu asiyetenganisha maneno haya hawezi kuielewa pikipiki yake.

Tufanye kwamba, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, injini yetu inatoa momenti ya niutoni-meta 12. Namba hii nimeichagua kwa ajili ya zoezi, na msuguano tutauacha kando. Nusukipenyo cha gurudumu la nyuma ni meta 0.325. Kani inayosukuma ardhi hupatikana kwa kuzidisha momenti kwa upunguzo wote, kisha kugawanya kwa nusukipenyo. Kwa meno ya kiwandani, 12 × 26.73 ÷ 0.325 ni niutoni 987. Kwa meno mapya, 12 × 31.67 ÷ 0.325 ni niutoni 1,169. Kani imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 18, na fundi ana haki ya kufurahi.

Lakini tuipime nguvu. Kwa meno ya kiwandani pikipiki ilikwenda meta 3.82 kwa sekunde. Zidisha kwa niutoni 987, utapata wati 3,770. Kwa meno mapya inakwenda meta 3.22 kwa sekunde. Zidisha kwa niutoni 1,169, utapata takriban wati 3,764. Tofauti hiyo ndogo imetokana na kukata desimali tu. Nguvu ni ile ile iliyotoka injini, kwa sababu hakuna jino la chuma linaloweza kuzaa nishati. Sproketi kubwa ni wenzo wa mviringo, na wenzo haujapata kumpa mtu kazi asiyoifanya.

Je, niutoni hizo 182 zilizopatikana zina thamani gani mlimani? Tuchukue pikipiki, mpandaji na mzigo wake, jumla kilo 250, kwenye njia inayopanda meta 4 kwa kila meta 10 za mwendo. Uzito peke yake hukivuta chombo kurudi nyuma kwa kani ya 250 × 9.8 × 0.4, ambayo ni niutoni 980. Kwa meno ya kiwandani tulikuwa na niutoni 987. Zimebaki niutoni 7, ambazo hazitoshi kulivuka hata jiwe dogo. Injini itazima au klachi itashikwa. Kwa meno mapya zimebaki niutoni 189, na hizo ndizo za kulivuka jiwe. Katika mfano huu, meno hayo matano ndiyo yanayotenganisha kupita na kukwama.

Klachi inayoungua

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni ya bure, kwa kuwa mpandaji stadi huweza kuishika klachi nusu na kwenda polepole apendavyo kwa meno yale yale ya kiwandani. Ni kweli kwamba anaweza. Swali ni: tofauti ya mwendo inakwenda wapi?

Klachi inapoteleza, upande wake mmoja huzunguka kwa mwendo wa injini na upande wa pili kwa mwendo wa gurudumu. Momenti hupita, lakini mizunguko iliyopotea hugeuka kuwa joto. Turudi kwenye kile kilima. Mpandaji ana meno ya kiwandani, injini yake inazunguka mara 3,000, naye anataka kwenda nusu ya mwendo, yaani kilometa 6.85 kwa saa. Injini inatoa wati 3,770, lakini nusu tu ndiyo inayofika chini. Nusu ya pili, wati 1,885, inabaki katika sahani za klachi. Ni kama kuifungia pasi ya umeme iliyowashwa ndani ya mafuta ya injini na kupanda nayo mlima.

Akiwa na meno 13 na 44, kwa mwendo ule ule na kani ile ile ardhini, injini hutakiwa kutoa momenti ya niutoni-meta 10.1 badala ya 12, na joto linalobaki katika klachi ni wati 1,300 hivi. Limepungua kwa karibu theluthi moja. Badiliko la meno halimwondolei mpandaji wajibu wa kuijua klachi. Linampunguzia muda na ukali wa kuitumia, na sahani ambazo zingeungua kwa msimu mmoja wa mvua zinaweza kuishi zaidi.

Faida ya pili huonekana wakati wa kushuka. Uwiano uleule unaozidisha kani ya injini wakati wa kupanda huzidisha pia uzuiaji wake wakati wa kushuka. Mpandaji anayeteremka na mzigo katika gia ya kwanza hushikiliwa na injini zaidi kuliko mwanzo, na breki zake hupata mapumziko. Hata hivyo, kwenye changarawe au matope, uzuiaji huo ukizidi gurudumu la nyuma huweza kuburuzika. Hiyo ni sehemu ya bei.

Mbele au nyuma?

Swali hili huzua ubishi mkubwa kuliko yote. Kwa kuwa 40 gawanya kwa 14 ni karibu 3, kupunguza jino moja mbele ni sawa na kuongeza karibu meno matatu nyuma. Jaribu mwenyewe: 40 kwa 13 ni 3.077, na 43 kwa 14 ni 3.071. Kwa mwendo na kwa kani, gurudumu haliwezi kuzitofautisha. Na kwa kuwa sproketi ya mbele ni ndogo, ni rahisi kwa bei, na mara nyingi haihitaji cheni mpya, vijana wengi hupunguza mbele, kisha hupunguza tena, hadi kubaki na meno 11.

Hapa ndipo napinga. Gurudumu haliwezi kuzitofautisha, lakini cheni inaweza. Mvuto ulio katika cheni hupatikana kwa kugawanya momenti ya mhimili wa sproketi ya mbele kwa nusukipenyo cha sproketi hiyo. Ukiipunguza sproketi ya mbele kutoka meno 14 hadi 13, momenti ni ile ile lakini nusukipenyo kimepungua, hivyo cheni huvutwa zaidi kwa karibu asilimia 8. Ukifika meno 11, huvutwa zaidi kwa asilimia 27. Ukiongeza meno nyuma, kwa momenti ile ile ya injini, mvuto wa cheni haubadiliki hata kidogo. Kani ya ziada imetokana na urefu wa wenzo wa nyuma. Njia mbili zinafika mahali pamoja, lakini moja inamlipisha mtu mwingine.

Isitoshe, kila kiungo cha cheni kiingiapo kwenye sproketi hujikunja kwa pembe ya nyuzi 360 ukigawanya kwa idadi ya meno. Kwa meno 14 ni nyuzi 25.7; kwa meno 11 ni nyuzi 32.7. Kadiri kinavyojikunja zaidi chini ya mzigo ndivyo pini na mirija yake zinavyolika. Tena, cheni haiizungushi sproketi kama uzi kwenye kopo, bali kama pembenyingi, na kwa hiyo mwendo wake hupanda na kushuka kidogo katika kila jino. Mabadiliko hayo ni asilimia 2.5 kwa meno 14, asilimia 2.9 kwa meno 13, na asilimia 4.1 kwa meno 11. Mwanafunzi wa trigonometria atazipata namba hizo kwa kutoa kosini ya nyuzi 180 ÷ N katika 1, ambapo N ni idadi ya meno. Mwisho, sproketi ndogo sana huishusha cheni karibu na mkono wa chuma unaolishika gurudumu la nyuma, ikawa inaukwangua.

Sproketi kubwa ya nyuma nayo ina yake. Cheni ya pikipiki hii ni ya namba 520, na tarakimu ya kwanza huonyesha kwamba umbali kati ya pini na pini ni nane-tano za inchi, yaani milimeta 15.875. Kwa umbali huo, sproketi ya meno 44 ina nusukipenyo kinachozidi kile cha meno 40 kwa milimeta 10 hivi, na ukubwa huo hushuka karibu zaidi na mawe. Ungetaka uwiano ule ule wa 3.38 bila kuigusa sproketi ya mbele, ungehitaji meno 47 nyuma, na ukubwa ungezidi kwa karibu milimeta 18. Halafu cheni ya zamani huenda isitoshe, kwani kila meno mawili yaliyoongezwa hudai kiungo kimoja zaidi, au gurudumu lisogezwe mbele.

Maoni yangu, basi, ni haya. Jino moja mbele liwe la majaribio. Gharama yake ni ndogo, na mtu ataweza kupanda kwa wiki mbili akaamua kama mwendo huo unamfaa. Akiridhika, na akitaka zaidi ya hapo, nyongeza ifanywe nyuma. Asishuke chini ya meno 13 katika pikipiki ya aina hii ilhali nyuma bado kuna nafasi. Ndiyo sababu mfano wetu ulipunguza jino moja mbele na kuongeza manne nyuma: kila upande umebeba sehemu ya mzigo. Na sproketi mpya zisifungwe kwenye cheni iliyochoka, kwa maana cheni iliyorefuka hukaa vibaya juu ya meno mapya na kuyala upesi.

Bei ya mabadilishano

Tumeona tunachopokea; tutazame tunachotoa. Pikipiki yetu ina gia sita. Kwa meno ya kiwandani, katika gia ya sita, kilometa 80 kwa saa huhitaji mizunguko 5,000 hivi kwa dakika. Kwa meno 13 na 44, mwendo huo huo huhitaji karibu mizunguko 6,000. Injini hupiga kelele, hutikisika, na kila bastola hupanda na kushuka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa. Anayeishi mlimani na kwenda mjini mara moja kwa mwezi hatajali. Anayepita lami kilometa 60 kila asubuhi anafanya biashara mbaya.

Pili, katika pikipiki ambazo kipima mwendo hupokea mizunguko kutoka kwenye sanduku la gia, namba itakayoonekana itazidi mwendo wa kweli. Kwa badiliko letu, kipima kitazidisha kwa zaidi ya asilimia 18 ya kile ambacho kingeonyesha mwanzo, na kilometa za matengenezo nazo zitahesabiwa upesi kuliko zilivyo.

Tatu, na hili ni la usalama, kani iliyoongezeka nyuma huliinua gurudumu la mbele kwa urahisi zaidi. Kwenye mwinuko mkali, mzigo ukiwa umefungwa nyuma ya kiti, mkono mzito kwenye akselereta unaweza kukipindua chombo chali. Kijana aliyeambiwa kwamba pikipiki yake “imeongezwa nguvu” huizungusha akselereta ileile kwa furaha. Kijana aliyeelezwa kwamba ameongeza kani kwa kutoa mwendo atajua kwamba sasa mkono wake lazima uwe mwepesi kuliko jana. Hapo neno sahihi ni sehemu ya kofia ya chuma.

Polepole ni ustadi

Huenda wapo wanafunzi watakaoona haya kuipunguzia pikipiki mwendo, kana kwamba mwendo wa polepole ni wa wanyonge. Yapo mashindano yanayotoa ushahidi tofauti. Huko Scotland, mashindano yaitwayo Scottish Six Days Trial yalianza mwaka 1909. Washindani hupita sehemu za mawe, vijito na miinuko, na katika sehemu hizo mshindi hapimwi kwa kasi. Aliyegusa chini kwa mguu mara moja huandikiwa kosa moja, na aliyeshindwa kuivuka sehemu huandikiwa makosa matano. Pikipiki za michezo ya aina hiyo huwa na gia za chini mno, ziweze kwenda kwa mwendo wa miguu bila injini kuzima. Wahenga wetu walisema mwenda pole hajikwai. Kwa magurudumu mawili tungeongeza sharti moja: awe na meno yanayomruhusu kwenda pole.

Wito kwa walimu

Katika madarasa mengi wenzo na magurudumu ya meno hufundishwa kwa mchoro ubaoni. Mwanafunzi hunakili, hufaulu mtihani, kisha jioni hupanda pikipiki ya kaka yake bila kujua kwamba amepanda juu ya mchoro ule ule. Napendekeza, ndugu walimu, somo hilo lianzie uani.

Iletwe pikipiki moja, isimamishwe juu ya stendi yake kuu au juu ya kreti imara, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Injini izimwe na ufunguo awe nao mwalimu mfukoni mwake, kwani cheni inayozunguka hukata vidole kwa dakika isiyotarajiwa. Hata gurudumu likizungushwa kwa mkono, vidole viwe mbali na meno. Gia iwe huru. Kifuniko cha sproketi ya mbele kiondolewe, na alama ya chaki iwekwe kwenye kila sproketi. Wanafunzi wahesabu meno. Iwapo ni 14 na 40, wabashiri kwanza, kwa maandishi, kwamba gurudumu likizungushwa mara 7 sproketi ya mbele itazunguka mara 20. Kisha walizungushe na kuhesabu. Hakuna mwanafunzi atakayeisahau sehemu 20/7 baada ya kuiona ikitimia kwa chuma na grisi.

Kidato cha juu wapime mzingo wa tairi kwa kamba, wakokotoe mwendo katika kila gia, na wachore grafu mbili, ya meno ya zamani na ya meno mapya, waone jinsi ngazi nzima inavyoshuka. Wenye kupenda hesabu waulizwe: iwapo cheni ina viungo 106 na sproketi ya mbele ina meno 13, baada ya mizunguko mingapi ya sproketi jino lile lile litakutana tena na kiungo kile kile? Na ikiwa ni meno 14? Kigawe kidogo cha shirika kitawapa 106 na 53, nao wataanza kuelewa kwa nini wahandisi huipenda idadi isiyogawanyika.

Baada ya hapo aalikwe fundi wa kijijini. Asialikwe kuja kusahihishwa mbele ya watoto. Aalikwe kueleza aliyoyaona: ni sproketi zipi huisha upesi, ni njia zipi huunguza klachi, ni nani alirudi kulalamika na kwa sababu gani. Ana daftari la miaka mingi kichwani mwake. Darasa limpe daftari la karatasi, lenye safu za meno ya mbele, meno ya nyuma, urefu wa cheni, tarehe ya kufungwa na tarehe ya kuchakaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa ni mali. Daftari la namna hiyo likiandikwa kwa mwaka mmoja katika kata moja ya milimani litatuambia ukweli ambao hakuna kiwanda kilichoupima, kwa sababu hakuna kiwanda kilichoipita njia hiyo kikiwa na magunia mawili ya viazi.

Ndipo siku nyingine kijana atakapofika karakana akiwa na pikipiki inayoshindwa na mlima, fundi atamwuliza: “Una meno mangapi, na huenda mjini mara ngapi kwa wiki?” Maswali hayo mawili yanatosha kumwokoa kijana na klachi yake.